Samaki wa Ugenini

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hufika Kikopey akiwa na njaa, na watu wa Kikopey wanajua hivyo. Moshi wa nyama choma humlaki kabla hajakiona kibanda hata kimoja. Hula akashiba, hunawa mikono, kisha huendelea na safari yake, na katika wasafiri mia huenda asipatikane mmoja aliyeteremka bondeni kutazama kilichoko huko chini. Huko, upande wa kusini wa ziwa Elementaita, maji ya moto hububujika kutoka ardhini, hukusanyika katika vidimbwi, kisha hutiririka polepole kwenda ziwani. Watu huoga humo. Na mtu akiinama kando ya maji, akatulia kidogo, ataona samaki wadogo wenye urefu wa kidole wakizunguka katika maji ambayo mpishi angeyafurahia kwa kuoshea vyombo.

Nimewatazama samaki hao tangu utoto wangu, walakini sikuwahi kuuliza walifikaje pale, mpaka siku mwanafunzi wangu aliponiuliza jambo jingine kabisa. Shule yetu ilikuwa imepewa zawadi ya samaki wa mapambo, dume mmoja wa rangi ya samawati, wa aina iitwayo samaki mpiganaji. Tulimweka katika chombo cha kioo ndani ya chumba cha sayansi. Likizo ya Desemba ilipokaribia, nilitafuta mtu wa kumtunza mpaka Januari. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "kwa nini tusimpeleke kule chemchemini akaishi na wenzake? Maji ya kule ni ya moto, na chakula hakinunuliwi."

Wenzake walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekwa. Watu wazima, wenye elimu na vyeo, waliwahi kuwaza vivyo hivyo juu ya maziwa yetu, na wakatenda. Jibu la swali lile ni historia, nami niliwaahidi wanafunzi kwamba nitaiandika.

Nianze na yule mgeni wetu wa kioo. Kwao ni Siamu, nchi ambayo leo huitwa Thailand. Huko huishi katika mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji, mahali penye maji machache ya vuguvugu ambamo samaki wengi wangekufa kwa kukosa pumzi. Huyu ana kiungo cha ziada kichwani, juu ya matamvua yake, kimwezeshacho kuvuta hewa hii tuivutayo sisi. Hupanda juu, hugusa uso wa maji kwa kinywa, humeza hewa, kisha hushuka. Kwa hiyo mtu akijaza chombo mpaka ukingoni na kukiziba, samaki huyu atakosa hewa na kufa ndani ya maji kama azamavyo binadamu. Sharti pawe na nafasi ya hewa juu ya maji, na kifuniko chenye matundu, kwa maana yeye pia ni mrukaji hodari.

Dume havumilii dume mwenzake. Watu wa Siamu waliiona tabia hiyo wakaifanya mchezo wa kupigania fedha, wakachagua madume wakali na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi. Lakini dume huyu mgomvi ni mlezi mwema: hutengeneza kiota cha povu juu ya maji, huyaokota mayai kwa kinywa chake, huyaweka katika povu, akayalinda mpaka yaanguliwe. Yasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1840 mfalme Rama wa Tatu alimpa samaki kadhaa daktari mmoja wa Denmark, Theodore Cantor, aliyeitumikia Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Cantor aliandika habari zao mwaka 1849, walakini jina alilowapa lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na samaki wengine. Mwaka 1910 Charles Tate Regan, wa jumba la makumbusho la London, alilisahihisha kosa hilo akawaita Betta splendens, na neno lile la pili lina maana ya fahari na mng'aro. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza samaki huyu kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ni safari ndefu kutoka shamba la mpunga.

Mimi mwenyewe nilijuana naye kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, katika bonde letu hili hili, mkufunzi mmoja wa sayansi alikuwa na samaki wa namna hiyo, akaniachia nimtunze kwa juma moja la mwezi wa Julai. Sikuuliza neno. Niliona haya kuuliza jinsi ya kulisha kiumbe kisichozidi kidole changu cha gumba. Nilimpa makombo ya mkate na ya ugali asubuhi na jioni, nikidhani kwamba wingi ndio ukarimu. Hakuyala. Makombo yakazama, yakavunda, maji yakawa kama uji mwepesi. Na usiku wa Julai, katika mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, si usiku wa Siamu. Siku ya nne nilimkuta amelala ubavu chini ya chombo, rangi yake imefifia. Kabla ya jioni alikuwa amekufa. Mkufunzi aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Kwao hula nini?" Sikuweza kujibu.

Leo naweza. Kwao hula wadudu na viluwiluwi vya mbu, si nafaka. Tumbo lake hukadiriwa kuwa si kubwa kuliko jicho lake. Punje mbili tatu za chakula chake cha dukani asubuhi, na kiasi kama hicho jioni, zamtosha. Kinachobaki kiondolewe kabla hakijaoza. Maji yake yawe na joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, na katika nchi ya baridi kama yetu hilo halipatikani kwa kutumaini tu: tuliweka kipasha-maji kidogo cha umeme. Maji ya bomba yaachwe siku nzima katika ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, na kila juma robo au theluthi ya maji ibadilishwe, wala si yote kwa mara moja. Hayo si mambo magumu. Ugumu ni kwamba lazima mtu ayajue kabla, si baada.

Sasa nirudi chemchemini. Samaki wa Kikopey si wenyeji wa Kikopey. Kwao ni ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali pa joto kali palipo mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Jina la ziwa hilo ni neno letu wenyewe: ni yale magadi ambayo mama zetu hutia katika chungu ili maharagwe yaive upesi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Mwaka uliofuata, George Albert Boulenger, aliyekuwa mtaalamu wa samaki katika makumbusho ya London, aliandika habari za samaki wa ziwa hilo, naye leo huitwa na wataalamu Alcolapia grahami. Ni ndugu wa ngege na perege tuwajuao, ijapokuwa kwa umbo ni mdogo sana.

Udogo wake usitudanganye. Samaki huyu huweza kuishi katika maji yenye joto la nyuzi 40 na zaidi kidogo, maji yenye magadi mengi kiasi cha kuuwasha mkono wenye kidonda. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili wake kwa njia ya matamvua, katika namna ya amonia. Lakini katika maji ya magadi amonia haitoki kwa urahisi, hubaki mwilini ikawa sumu. Huyu ameipata njia nyingine. Huigeuza amonia hiyo kuwa yurea, kama mwili wa binadamu ufanyavyo, kisha akaitoa. Wataalamu walilitangaza jambo hilo mwaka 1989, na lilikuwa la ajabu kwao. Tena, hewa ya majini ipungupo usiku, naye hupanda juu akaimeza hewa ya nje, sawasawa na yule wa Siamu. Kijana wangu hakukosea sana alipowaita wenzake! Tofauti ni katika malezi: hapa ni jike alindaye watoto, tena ndani ya kinywa chake, kuanzia mayai mpaka waweze kuogelea wenyewe.

Alitokaje Magadi akafika kwetu? Alichukuliwa na watu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki hao walitolewa Magadi wakatiwa katika ziwa Nakuru, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1962 wakatiwa Elementaita. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu. Mji wa Nakuru ulikuwa umekua ukingoni mwa ziwa, mbu walizaliana, na mbu, kama kila mtu ajuavyo, huleta homa. Alitafutwa samaki mla-viluwiluwi awezaye kustahimili magadi, na huyu tu ndiye aliyekuwa karibu. Siwalaumu watu wale kwa nia yao. Mtu aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mtoto mwenye malaria hataona neno baya katika nia ile.

Lakini tuulize swali la mkufunzi wangu: kwao hula nini? Kwao hula mwani. Katika ziwa Nakuru aliukuta mwani mwingi kuliko aliouacha nyumbani, ule mwani mdogo kabisa unaoyafanya maji yawe ya kijani kama mchuzi wa mboga, nao ndio chakula cha heroe wadogo, ndege wale wa rangi ya waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo. Samaki akaupenda mwani, akanenepa, akazaana kupita kadiri. Wataalamu waliomchunguza katika miaka ya 1970 walikuta kwamba mwani ndio uliolijaza tumbo lake. Aliitwa kuja kula mbu, akaketi katika meza ya heroe.

Liko swali la pili, ambalo mkufunzi wangu hakuwa na haja ya kuniuliza, kwa kuwa samaki wake aliishi ndani ya kioo: naye ataliwa na nani? Kabla ya kuja kwake, ziwa Nakuru halikuwa na samaki, na ndege wala-samaki hawakuwa na cha kutafuta humo. Walipopata habari (na ndege hupata habari upesi kuliko magazeti) walikuja mnandi, wakaja korongo, akaja mwari, ndege yule mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo wake. Mwari huhitaji vitu viwili: samaki wa kula, na mahali pa kutagia ambapo fisi na mbweha hawafiki. Nakuru ilikuwa na samaki bila visiwa. Elementaita ina visiwa vidogo vya mawe, lakini samaki wake hawakutosha kulisha kundi kubwa. Basi ndege hao wakafanya nyumba Elementaita na shamba Nakuru. Asubuhi hungoja mpaka jua liipashe moto ardhi na hewa ianze kupanda, ndipo huinuka nayo wakizunguka bila kupiga mbawa sana, wakavuka kwenda Nakuru kuvua, kisha wakarudi kuwalisha makinda. Mtu asimamaye Kikopey saa nne asubuhi, mahali pasipo na moshi, huweza kuwaona wakipanda mbinguni kama karatasi nyeupe.

Ni tamasha zuri kutazama, nami nalipenda. Hata hivyo visiwa vile vilikuwa na wenyewe. Katika miaka ya 1950 heroe wakubwa walitaga juu ya visiwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwari walianza kuzaa papo hapo kwa wingi, na heroe wakasongwa, maana mwari ni ndege mzito asiyeangalia akanyagapo. Wapo wasemao kwamba samaki ndio sababu pekee ya heroe kuacha kuzaa Elementaita. Mimi siendi mbali hivyo. Maziwa haya hupanda na kushuka, hukauka na kufurika, na ndege huenda na maji. Katika miaka ya 1990 ziwa Nakuru lilikauka likabaki kidogo sana. Na baada ya mwaka 2010 maji yalipanda mpaka yakafunika miti na lango la hifadhi, magadi yakazimuliwa, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Hakuna samaki aliyefanya hayo. Wala haifai kuficha upande wa pili: aina za ndege wa Nakuru ziliongezeka kwa sababu ya samaki huyu, na watu waliovuka bahari kuja kutazama ndege wameleta fedha. Nakuru ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 maziwa matatu, yaani Nakuru, Elementaita na Bogoria, yakaandikwa pamoja katika urithi wa dunia. Hesabu ya faida na hasara bado haijafungwa. Nisemalo mimi ni kwamba walioleta samaki hawakuifungua hesabu hiyo kabisa. Wao walikuwa wakihesabu mbu.

Jirani yetu wa kusini, ziwa Naivasha, ana hadithi yenye huzuni zaidi. Maji yake ni baridi, hayana magadi, na humo mlikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kisamaki kidogo ambacho leo wafugaji wa samaki wa mapambo wangekitafuta. Wazungu waliokaa kandoni walitaka mchezo wa kuvua kwa ndoana, na mwaka 1929 wakatia humo samaki aitwaye basi, mla wenzake, aliyetoka Marekani. Perege waliletwa pia, wa aina mbalimbali. Mwaka 1970 wakatiwa kamba wa maji baridi kutoka Marekani, ambao walikula mimea ya majini mpaka mayungiyungi yakapotea sehemu kubwa ya ziwa. Karne hii ilipoanza akaingia kambare-mamba? La; wavuvi humwita komoni, yaani kapu, na hakuna aliyekusudia kumleta; baadaye ndiye aliyezijaza nyavu zao. Na yule kisamaki mwenyeji? Mara ya mwisho alionekana ziwani mwaka 1962, mwaka ule ule ambao wenzetu walikuwa wakimimina samaki wa Magadi katika Elementaita. Sijui mtu yeyote aliyemlilia.

Nisije nikadhaniwa kuwa mtu anayepinga kila uhamisho, nitataja mmoja uliofanyika vizuri, tena hapa hapa. Jina la Kikopey lilikuwa pia jina la shamba kubwa la Mwingereza Galbraith Cole, aliyekaa katika nchi ambayo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904 (nao pia ni uhamisho, na habari zake zastahili insha yake yenyewe). Katika shamba hilo, tangu mwaka 1972, mwanamke mmoja Mmarekani, Shirley Strum, alichunguza maisha ya nyani. Baadaye shamba liliuzwa, likagawiwa wakulima, mahindi yakapandwa, na nyani wakayapenda mahindi. Ugomvi wa wakulima na nyani ukawa mkali. Mwaka 1984 Strum aliyahamisha makundi kadhaa ya nyani hao mpaka Laikipia. Lakini kwanza alitafuta mahali penye maji na chakula, akazungumza na watu wa huko. Na nyani walipofunguliwa, wachunguzi walikaa nao, wakawafuata mchana kutwa, wakaandika wanachokula, nani amezaa, nani amekufa. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Nyani wale waliulizwa, kwa namna ya kusema, lile swali la mkufunzi wangu.

Basi nilimjibu kijana hivi. Samaki wetu wa Siamu hawezi kuishi chemchemini. Anapenda joto, lakini si joto lile. Na magadi yangemwua upesi kabla hujafika barabarani. Na lau angeweza kuishi, hapo ndipo ningekataa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa tusingejua atakula watoto wa nani, wala ataliwa na nani, wala ugonjwa gani ameuchukua kutoka katika kioo chake. Akaniuliza, "Kwa hiyo nani atamtunza, Mwalimu?" Nikamwambia kwamba aliyeuliza swali ndiye.

Aliondoka naye siku ya kufunga shule, chombo kimefungwa ndani ya sweta, pamoja na kipasha-maji, kopo la punje, na karatasi ya maagizo niliyoiandika kwa herufi kubwa. Januari alirudi naye, hai, mapezi yake yamekunjuka kama khanga mpya. Kijana alikuwa na lalamiko moja. Alikuwa ameweka ndoo ya maji nyuma ya nyumba ili apate viluwiluwi, chakula cha asili, kama nilivyofundisha. Mama yake aliikuta juma la pili, akaimwaga yote, akamwambia kwamba hatafuga mbu nyumbani mwake kwa ajili ya samaki wa shule. Samaki alimaliza likizo kwa punje za dukani, tatu asubuhi na tatu jioni.